Je, Wajua? Kirusi Kinachodandia Mbegu

Je, wajua kwamba mbegu za kiume za kwanza kuonekana kwenye hadubini zilitoka kwa mgonjwa wa kisonono? Mwaka ulikuwa 1677, mji ni Delft, Uholanzi. Mwanafunzi wa utabibu, Johan Ham, alimletea Antoni van Leeuwenhoek kichupa cha shahawa za mwanaume aliyekuwa akiumwa. Leeuwenhoek hakuwa daktari. Alikuwa muuza vitambaa aliyezoea kusaga lenzi zake mwenyewe. Wakachungulia, wakaona vitu hai vyenye mikia vikiogelea, na Ham akadhani vimezaliwa na ugonjwa.

Leeuwenhoek alipojipima mwenyewe akavikuta vilevile. Barua aliyowaandikia wasomi wa Royal Society, London, ilijaa kujihami: shahawa zile ni za kitanda halali cha ndoa, hakutenda dhambi kuzipata, na kama habari hizi zitawachukiza wasomaji basi mkuu wao azizuie. Elimu ya mbegu za kiume ilianza hivyo, ugonjwa wa zinaa upande huu na aibu upande ule. Kisonono tumekipatia dawa. Aibu bado inatulaza nje ya mlango wa kliniki.

Je, wajua kwamba mtu mmoja kati ya sita duniani hupitia tatizo la kutopata mimba wakati fulani wa maisha yake? Ni hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023. Na katika ndoa zinazosubiri mtoto bila mafanikio, karibu nusu ya visa vina mkono wa mwanaume, ama peke yake ama pamoja na mkewe.

Nusu! Sasa nenda kahesabu viatu kwenye benchi la kliniki ya uzazi. Niliwahi kukaa kwenye benchi moja kama hilo asubuhi nzima, nikimsindikiza ndugu. Wanawake kumi na moja, wanaume wawili, na mmoja kati ya hao wawili alikuwa mlinzi. Dada aliyekaa pembeni yangu alikuwa na faili nene limefungwa kwa raba: picha za mirija, vipimo vya homoni, ultrasaundi za miaka minne. Nikamuuliza shemeji amepima lini. Akacheka kidogo, akasema, “Yeye yuko nje, kwenye pikipiki.” Mama mkwe alishaanza kutaja jina la binti mwingine kijijini. Kipimo cha manii, ambacho ni rahisi kuliko vyote vilivyokuwa ndani ya faili lile, hakikuwahi kufanyika.

Wajua sababu mojawapo? Tumechanganya mambo mawili. Jogoo kupanda mtungi ni jambo moja, na mbegu kufika kwenye yai ni jambo jingine. Mwanaume anaweza kuwa na nguvu za kumshangaza yeye mwenyewe huku shahawa zake hazina mbegu hata moja. Na yupo ambaye jogoo wake ana mgomo, lakini mbegu zake ni nzima kabisa. Wauza mizizi ya barabarani wanatibu la kwanza na kupokea pesa ya la pili.

Je, wajua kwamba kuna kirusi ambacho kila mama aliyewahi kukaa kliniki amekisikia, na karibu kila baba anaamini hakimhusu? Kinaitwa HPV, kirusi cha papiloma. Tumekizoea kwenye mabango ya saratani ya mlango wa kizazi, na picha ya kwenye bango siku zote ni ya msichana. Mjerumani Harald zur Hausen ndiye aliyekifungamanisha kirusi hiki na saratani hiyo. Maabara yake ilitenga aina namba 16 mwaka 1983, na namba 18 mwaka uliofuata. Mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Nobel. Aina hizo mbili peke yake zinasababisha visa kama 70 kati ya kila 100 vya saratani ya mlango wa kizazi.

Lakini huyo mama alikipata wapi? Mara nyingi alikipata kwa baba.

Aina za HPV zinazojulikana zimepita 200. Nyingi hazina habari na sehemu za siri. Hukaa mikononi na miguuni na kuota chunjua za kawaida. Kama 40 ndizo hupenda maeneo ya uzazi. Namba 6 na 11 ndizo zinazoleta masundosundo, takriban visa 90 katika kila 100. Masundosundo yanachukiza machoni, ila aina zinazoyaleta si zile za saratani. Zile hatari haziotishi chochote cha kuona.

Je, wajua mwanaume mmoja kati ya watatu duniani, mwenye umri wa kuanzia miaka 15, ana angalau aina moja ya HPV kwenye sehemu zake za siri? Mmoja kati ya watano ana aina ya hatari. Uchambuzi huo wa tafiti za nchi nyingi ulitoka mwaka 2023 katika jarida la Lancet Global Health. Hesabu daladala iliyojaa na utawapata kadhaa, akiwemo konda pengine, na hakuna hata mmoja anayewashwa, anayetokwa usaha, wala anayekojoa kwa maumivu. Kisonono kina adabu ya kubisha hodi. HPV huingia kama paka.

Kisumu, watafiti waliowapima vijana wa miaka 18 hadi 24 waliojitokeza kwenye utafiti mkubwa wa tohara walikuta karibu nusu yao wana kirusi hiki. Vijana wazima, wacheza mpira.

Na kipimo je? Kwa wanaume hakuna kipimo cha HPV kilichoidhinishwa kwa matumizi ya kawaida ya hospitali. Kinachoitwa “kupima HPV” pale kituoni ni cha mlango wa kizazi. Mwanaume akitaka kujua kama kirusi kimo kwenye manii yake, itabidi maabara ya utafiti itafute vinasaba vyake, na maabara za namna hiyo ni chache.

Je, wajua udogo wake? Chukua milimita moja, igawe vipande 18,000. Kipande kimoja ndio upana wa HPV. Mbegu ya kiume, ambayo nayo huioni kwa macho, kwake ni gari moshi: virusi kama 1,000 vikipanga foleni ndiyo vinafikia urefu wa mbegu moja, kichwa hadi ncha ya mkia. Na ndani ya kirusi hicho mna jeni nane tu. Binadamu ana kama 20,000, na bado jeni nane zinamsumbua.

Hapa ndipo habari inaponoga, kwa hiyo naomba usiruke.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa HPV ikionekana kwenye shahawa, basi ni seli za ngozi tu zilizobanduka njiani. Kirusi ni cha ngozi na utando, kitafuta nini kwenye mbegu? Ndipo watafiti, hasa kundi la Padova, Italia, wakaanza kuziangalia mbegu zenyewe moja moja. Wakakikuta kimekaa kwenye kichwa cha mbegu. Kimeshika kweli, maana ukizikosha mbegu kwa njia za kawaida za maabara, vingine vinabaki palepale.

Kinashikaje? Juu ya kichwa cha mbegu kuna protini iitwayo sindekani-1, yenye nyuzi za sukari zinazoning’inia kama vishikio vya kwenye daladala. Ganda la kirusi lina protini yake ambayo kazi yake ni kutafuta vishikio vya namna hiyo. Kikivipata, kimedandia. Hakilipi nauli, hakiendeshi, ila safari ni yake.

Na angalia mahali kinapochagua kudandia! Kichwa cha mbegu kina kama mkanda unaokizunguka katikati, mfano wa ikweta kwenye tufe la dunia. HPV hupenda mkanda huo. Sasa, mkanda huohuo ndio sehemu ambayo mbegu huitumia kuungana na yai. Kati ya maeneo yote ya gari, abiria huyu kakaa kwenye mlango.

Wataalamu wa Padova walikwenda mbali zaidi: walitumia mayai ya hamsta, kinyama cha jamii ya panya, mayai ambayo maabara hutumia kupima kama mbegu ya binadamu ina uwezo wa kupenya. Mbegu zenye kirusi ziliingia, na vinasaba vya kirusi vikaonekana ndani ya yai, vikifanya kazi. Yai la hamsta si yai la mke wako, hilo tukubaliane. Lakini lilionesha kwamba kudandia hakuishii mlangoni.

Je, wajua mbegu husafiri kwa mwendo gani? Milimita moja hadi nne kwa dakika. Safari yake, kutoka mlango wa kizazi hadi ndani ya mrija ambamo yai linasubiri, ni sentimita kama 15 au zaidi. Kwa kimo chake ni kama mtu kuogelea kilomita kama tano, tena dhidi ya maji.

Ndiyo maana mwendo ni kitu kikubwa. Na tafiti nyingi za HPV kwenye manii zinakutana hapo: pale kirusi kilipo, mbegu nyingi zaidi zinakuwa na mwendo wa kobe. Idadi mara nyingi haibadiliki sana. Umbo nalo, tafiti zinapishana. Mwendo ndio unaolalamikiwa tena na tena.

Na kingamwili nazo zinaingia kati. Mwili wa mwanaume, usishangae, huziona mbegu zake kama wageni. Kinga hujifunza kutambua watu wa nyumbani tangu utotoni, na mbegu huanza kutengenezwa wakati wa balehe, darasa lilishafungwa. Kwa sababu hiyo korodani zimejengewa ukuta wa seli unaozitenga na damu, askari wa mwili wasizione. Mbegu iliyobeba kirusi inavuta macho ya askari hao. Katika wanaume wenye HPV kwenye manii, watafiti wamekuta mara nyingi zaidi kingamwili zilizonata kwenye mbegu zenyewe. Mbegu iliyonatwa haiogelei vizuri, na zikinatana vichwa ndiyo basi tena, zinazunguka mahali pamoja kama ng’ombe waliofungwa kamba moja.

Utafiti wa Ajentina uliotoka mwaka 2024 uliongeza jambo la kukosesha usingizi. Wanaume 205 waliofika kliniki ya mfumo wa mkojo, ambao hakuna aliyechanjwa, walichunguzwa manii. 39 kati yao walikuwa na HPV. Kwa kipimo cha kawaida, kile cha idadi, mwendo na umbo, wenye kirusi na wasio nacho hawakutofautiana. Wangepewa majibu yaleyale: “Uko sawa, nenda nyumbani.” Ila walipochunguzwa kwa undani zaidi, wenye aina za hatari walikuwa na mbegu nyingi zaidi zilizokufa, kemikali za oksijeni zinazochoma seli zilikuwa juu, na askari weupe kwenye manii walikuwa wachache. Karatasi ya majibu ilisema amani huku ndani kuna moshi.

Sasa nisikupeleke mbio. Je, wajua kwamba wanaume wengi sana wenye HPV wanazaa bila shida yoyote? Kama mmoja kati ya watatu anacho na kila mwenye nacho angekuwa mgumba, shule za msingi zingekuwa na madawati ya kutosha. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliojumlisha tafiti nyingi ulikuta HPV kwenye manii ya wanaume kama 11 katika kila 100 wa kawaida, na kama 20 katika kila 100 waliofika kliniki za uzazi. Karibu mara mbili. Hiyo ni alama ya kidole kwenye kitasa. Haitoshi kumfunga mtu. Mwenye HPV anaweza kuwa na sababu nyingine pembeni, mishipa iliyovimba kwenye korodani kwa mfano, ambayo ni ya kawaida mno na inapasuliwa.

Upande wa mimba zenyewe, watafiti wa Italia na Ubelgiji waliofuatilia wanandoa waliokuwa wakisaidiwa kupata mtoto waliona mimba chache zaidi pale manii yalipokuwa na kirusi, na Italia waliona pia mimba nyingi zaidi zinazoharibika. Tafiti hizo ni za watu wachache, na wapo wengine waliotafuta jambo hilohilo wasilione. Mimi nachukua hivi: mwanamke aliyeharibikiwa na mimba mara mbili au tatu, akaambiwa alirogwa, alinyanyua ndoo, alipanda bodaboda, angalau mtu mmoja kwenye ukoo angetamka kwamba huenda tatizo lilianzia kwenye mbegu. Hilo silisikii likitamkwa.

Je, wajua kwamba HPV huondoka yenyewe kwa watu wengi? Utafiti uliofuatilia wanaume wa Brazili, Meksiko na Marekani ulikuta nusu ya maambukizi yameshaondoka ndani ya miezi saba na nusu hivi. Hakuna kidonge cha kukifukuza. Ni kinga ya mwili tu, polepole. Kwenye manii kinaweza kuchelewa zaidi, na kuna wanaume waliokuwa bado nacho baada ya miaka miwili.

Ila kuna mtego. Mwanaume akishapona, mwili wake hauweki kumbukumbu nzuri. Wanaume wengi hawatengenezi kingamwili za kutosha baada ya maambukizi ya kawaida, kwa hiyo anaweza kukipata tena kilekile.

Na hili nalisema kwa herufi kubwa bila kuliandika kwa herufi kubwa: HPV ikionekana kwa mmoja wenu si ushahidi wa mchepuko. Kirusi hiki kinaweza kukaa kimya miaka mingi kabla hakijaonekana. Kinaweza kuwa cha mwaka 2012, cha mtu ambaye hata jina lake umelisahau. Kabla hujarusha vyombo, vuta pumzi.

Kondomu? Inapunguza, haizuii yote, maana HPV hupita ngozi kwa ngozi na kondomu haifuniki mapaja.

Tohara nayo ina lake. Rakai, Uganda, mwaka 2009 ilitangazwa kwamba wanaume waliotahiriwa walikuwa na aina za hatari za HPV pungufu kwa takriban asilimia 35 kuliko ambao hawajatahiriwa, miaka miwili baada ya kisu. Utafiti huo wa Rakai na wenzake wa Kisumu na Orange Farm, Afrika Kusini, ndio ulioonesha tohara hupunguza hatari ya mwanaume kupata VVU kwa karibu asilimia 60. Wazee wa pwani watasema walijua. Hawakujua, walibahatisha vizuri.

Je, wajua ule uvumi kwamba chanjo ya HPV inafunga kizazi cha wasichana? Bila shaka unaujua, umeupata kwenye WhatsApp ukiwa na alama tatu za mshangao. Sasa tazama kejeli yake. Chanjo ile haina kirusi ndani. Ina maganda matupu tu, mfano wa sare ya jambazi bila jambazi, ili mwili uizoee sura. Haigusi kizazi. Chenye kuguswa na shutuma za uzazi, kwa ushahidi tuliouona hapo juu, ni kirusi chenyewe. Na kwa msichana, saratani ikishamfika mlangoni, matibabu yake mara nyingi ni kuondoa kizazi chote. Mzazi anayemficha binti nyuma ya mlango siku ya chanjo ili aje azae, anamfichia mwizi.

Rwanda hawakusubiri uvumi ukue. Mwaka 2011 walikuwa nchi ya kwanza Afrika kutoa chanjo hiyo kwa wasichana nchi nzima, na zaidi ya wasichana 90 katika kila 100 waliolengwa walipata. Tanzania Bara na Visiwani tulianza mwaka 2018, Kenya mwaka 2019.

Na hii ya nyumbani, ya kujivunia: wajua kwamba mabinti wa Mwanza, Thika, Nairobi na Kisumu waliisaidia dunia kuokoa nusu ya dozi zake? Zamani msichana alichomwa mara tatu, baadaye mbili. Mwanza, mabinti 930 wa miaka 9 hadi 14 waliingia kwenye utafiti wa kuona kama sindano moja inatosha kuamsha kinga. Kenya, wanawake 2,275 wa miaka 15 hadi 20 wakapimwa kwa miezi 18, na dozi moja ikawakinga kwa karibu asilimia 98 dhidi ya namba 16 na 18. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani likakubali dozi moja. Aprili 2024 Tanzania nayo ikahamia sindano moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Mabango ya kuwashukuru mabinti hao sijayaona popote.

Wavulana? Kwetu bado hawamo kwenye ratiba. Australia ilianza na wasichana mwaka 2007, ikawaongeza wavulana mwaka 2013, na masundosundo kwa vijana wao yakaporomoka. Hoja ya kwetu ni ya dozi na pesa: wasichana kwanza, maana wao ndio wanaokufa. Siipingi. Najua tu kwamba kila ninapomweleza baba hesabu za mlango wa kizazi ananisikiliza kwa heshima, na nikimwambia kirusi hichohicho kinakaa kwenye kichwa cha mbegu yake, anavuta kiti.

Kuna Waitaliano waliojaribu kuwachanja wanaume ambao tayari wana HPV kwenye manii na wanatafuta mtoto. Kirusi kiliondoka upesi zaidi, na mimba ziliongezeka. Ni utafiti mdogo, na chanjo haijaandikwa kuwa tiba. Wapo pia walioongeza kimeng’enya kwenye maji ya kukoshea mbegu maabara, kinachokata vile vishikio vya sukari, kirusi kikaanguka. Kwa siku hizi hiyo ni habari ya maabara kubwa, si ya kwa mangi.

Tutoke kwa HPV kidogo, tusimwonee.

Je, wajua kwamba mwaka 2017 wataalamu wa Oxford walihesabu virusi 27 tofauti vilivyowahi kupatikana kwenye shahawa za binadamu? Vingi si vya zinaa kabisa. Ule ukuta unaozificha mbegu zisionwe na askari wa mwili unawaficha na wahalifu. Ebola ni mfano wa kutisha: mlipuko wa Guinea wa mwaka 2021 ulionekana kutokana na kirusi kilichokuwa kimejificha ndani ya mtu aliyenusurika ule wa zaidi ya miaka mitano nyuma.

VVU: mwanaume mwenye VVU anaweza kumzalisha mkewe bila kumwambukiza. Ndiyo, bila kumwambukiza. Dawa zikishavifubaza virusi hadi kipimo hakivioni, hapitishi kwa ngono. Wanandoa wengi wamefuatiliwa kwa miaka na haikupatikana ndoa moja ambamo mwenye virusi vilivyofubazwa alimwambukiza mwenzake. Kabla ya hapo, Augusto Semprini wa Milan, mwaka 1992, alichapisha njia ya kukosha mbegu kuzitenga na majimaji yenye VVU. VVU, tofauti na HPV, havipendi kichwa cha mbegu. Vinaelea pembeni na ndani ya seli nyeupe. Ndiyo maana kukosha kulifaa kwake kuliko kwa mdandiaji wetu. Ugonjwa ukiachwa bila dawa, homoni za kiume hushuka na mbegu huzorota. Dawa kila siku, basi.

Malengelenge ya sehemu za siri: kirusi chake kimeonekana kwenye manii ya baadhi ya wagumba, ushahidi unagombana. Tupite.

Zika: jina ni la msitu karibu na Entebbe, Uganda, na kirusi kiligunduliwa mwaka 1947 katika damu ya kima namba 766 aliyewekwa kizimbani juu ya mti akitafutiwa homa ya manjano. Miaka 60 na ushee tukakijua kama cha mbu. Kisha ikabainika kinapita kwa ngono pia. Kwenye panya wa maabara kilisinyaza korodani. Kwa wanaume, idadi ya mbegu ilishuka kwa muda, ikarudi. Anayetoka eneo lenye mlipuko huambiwa atumie kondomu miezi mitatu.

Matubwitubwi si ya zinaa, lakini yana haki ya mstari mmoja: yakimpata mwanaume aliyekwisha kubalehe yanaweza kushuka hadi kwenye korodani. Mara nyingi huvimba moja, nyingine ikabaki kuendesha nyumba.

Je, wajua mbegu moja huchukua zaidi ya miezi miwili kutengenezwa? Ndiyo maana homa kali ya Machi, malaria kwa mfano, inaweza kuharibu majibu ya Mei. Daktari makini hakuhukumu kwa kipimo kimoja, anakuita tena. Na korodani hazilali: mbegu zaidi ya 1,000 kila sekunde, hata ukiwa kwenye foleni ya Ubungo.

Na ukisoma majibu usizimie. Ukikuta mbegu zenye umbo sahihi ni 4 tu katika 100, umefaulu. Ndiyo, 96 zimepinda, zina vichwa viwili, mikia mifupi, na bado ni sawa. Idadi ya kuanzia milioni 16 kwa mililita, na zinazokimbia mbele asilimia 30, ndiyo mipaka ya chini ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2021.

Mwisho, kikopo. Je, wajua kwamba ukitolea sampuli nyumbani hakiwekwi kwenye barafu wala kwenye boneti ya gari? Mbegu zinataka joto la mwili. Kinawekwa kwapani au ndani ya shati, kama mtu anayeficha yai, na kinatakiwa kifike maabara ndani ya saa moja. Kabla ya hapo unakaa siku mbili hadi saba bila kumwaga. Sabuni na mate haviruhusiwi, vinaua. Kondomu ya dukani vilevile.

Pale dirishani mtaalamu wa maabara hatakuuliza una watoto wangapi wala unatoka ukoo gani. Ataandika saa kwenye kikopo, kisha atakuuliza kama kuna tone lolote lililomwagika nje, hasa la mwanzo. Mjibu ukweli. Tone la mwanzo ndilo hubeba mbegu nyingi kuliko yote yanayofuata.